Nyeupe Kwanza: Kuchagua Rangi za Udongo wa Polima kwa Anayeanza Kutengeneza Shanga

Anayeanza kutengeneza shanga na hereni za udongo wa polima karibu siku zote hununua rangi nyingi kupita kiasi, na nyeupe kidogo kuliko anavyohitaji. Meza hujaa vipakiti vya zambarau, waridi, kijani, chungwa na kahawia za kila namna. Baada ya vidani viwili vya kwanza nyeupe imekwisha, nyeusi inaelekea kwisha, na zile nyingine zimelala koponi zikisubiri kazi ambayo haiji. Kwetu hasara hii inauma, maana udongo huu wengi wetu huuagiza kutoka nje, na kila pakiti ya gramu 57 ina bei ya kumfanya mtu afikiri mara mbili. Fedha hiyohiyo, ikitumika kwa mpango, itakupa karibu kila rangi utakayoitaka kutoka pakiti saba tu: nyeupe mbili, nyeusi moja, njano moja, majenta moja, buluu moja inayoelekea kijani, na moja ile isiyotiwa rangi inayopitisha mwanga.

Kabla sijaitetea orodha hiyo, tujue tunashika nini mkononi. Huu si udongo wa mfinyanzi. Hauna maji na hautoki ardhini. Ni PVC, jamii ya plastiki ya mabomba ya maji, iliyosagwa ikawa unga laini sana, ikachanganywa na kilainisho cha mafuta, vijazo na rangi. Ndiyo maana haukauki ukiuacha mezani. Unabaki laini hadi uuoke, kwa kawaida kati ya nyuzi 110 na 130 za Selsiasi, ingawa Kato Polyclay huhitaji takriban 150. Joto likifika, chembe za plastiki huungana na kilainisho, na ushanga unakuwa mgumu moja kwa moja. Kwa mtu anayejali rangi, hii ni neema kubwa. Mfinyanzi hupaka dawa ya kijivu na kungoja tanuri limwonyeshe kijani. Wewe unaiona rangi yako tangu unapoikanda, na inayotoka ovenini ni ileile kwa kiasi kikubwa.

Asili yake ni Ulaya ya kati. Sofie Rehbinder-Kruse, binti wa mtengeneza wanasesere maarufu wa Ujerumani Käthe Kruse, ndiye aliyeuendeleza udongo ambao mwaka 1964 uliuzwa kwa kampuni ya Eberhard Faber na kujulikana kama Fimo. Leo ni mali ya Staedtler. Marekani ina Sculpey na Premo za kampuni ya Polyform, Ubelgiji ina Cernit. Kwa muda mrefu ulichukuliwa kama kitu cha watoto na cha wanasesere. Waliouingiza katika usonara wa mikono ni wasanii, wengi wao wanawake wa Marekani, katika miaka ya 1980, na kitabu cha Nan Roche, The New Clay, cha mwaka 1991, kikausambaza ujuzi wao. Hao waliichukulia pakiti ya rangi kama malighafi ya kuchanganywa, na mimi nawafuata.

Kwa nini njano, majenta na buluu ya kijani

Shuleni wengi tulifundishwa kwamba rangi za asili ni nyekundu, njano na buluu. Somo hilo si uongo mtupu, lakini limewaharibia kazi watu wengi. Fungua printa ya ofisini utazame katriji zake: hakuna nyekundu wala buluu ya sare ya shule. Kuna njano, majenta ambayo ni waridi kali inayoelekea zambarau, sayani ambayo ni buluu iliyoinamia kijani, na nyeusi. Sababu ni ya kifizikia. Kila rangi huonekana ilivyo kwa kumeza sehemu fulani ya mwanga na kurudisha iliyobaki. Ukichanganya mbili, kila moja inaendelea kumeza sehemu yake, kwa hiyo mchanganyiko hurudisha mwanga kidogo kuliko kila moja peke yake. Rangi tatu za printa zimechaguliwa kwa sababu kila moja humeza sehemu moja tu ya mwanga na kuziachia nyingine, na hivyo michanganyiko yake haizimiki haraka. Kutokana na majenta na njano utapata nyekundu nzuri. Kutokana na nyekundu ya dukani huwezi kabisa kupata majenta.

Hapo ndipo ilipo siri ya kijani kilichochafuka, malalamiko ninayoyasikia kuliko mengine yote. Mtu amechukua njano, amechukua buluu, amekanda mpaka vidole vinauma, na amepata rangi ya maji ya bwawa. Kosa halimo katika mikono yake. Njano aliyonunua ilikuwa ya kiini cha yai, yaani imeshainamia nyekundu. Buluu yake ilikuwa ile ambayo pakiti ya Premo huiita Ultramarine, iliyoinamia zambarau, na kwenye zambarau pia mna nyekundu. Kwa hiyo bila kujua ameingiza nyekundu katika kijani kutoka pande mbili, na nyekundu na kijani zikikutana huzimana. Angechukua njano ya limau na buluu ya feruzi, kijani kingetoka kikali kama jani jipya la mgomba.

Basi unapochagua pakiti yoyote, usiulize tu ni buluu au si buluu. Iweke kando ya buluu nyingine uone imeegemea wapi. Nyekundu ya nyanya imeegemea chungwa. Nyekundu ya zabibu imeegemea zambarau. Macho hujifunza hili upesi sana pale rangi mbili za jina moja zinapokaa bega kwa bega, na polepole sana rangi ikiwa peke yake.

Rangi iliyochafuka nayo ina kazi yake, na nzuri. Kijani kile cha bwawa ukikitia nyeupe kinakuwa cha majani makavu, na kikikaa karibu na marijani na rangi ya maziwa kina heshima ambayo kijani kikali hakina. Ninachotaka ni kwamba ukipate kwa kukusudia.

Kiasi

Rangi hizi hazina nguvu sawa. Njano ni dhaifu, nyeupe ni dhaifu zaidi, majenta ina nguvu, na buluu na nyeusi zina nguvu za kutisha. Buluu katika njano ni kama chumvi kwenye mchuzi: unaweza kuongeza, kutoa huwezi. Kwa hiyo kanuni ni kuanza na rangi dhaifu ikiwa donge kubwa, na kuitilia ile yenye nguvu kwa chembe. Kwa kijani, anza na sehemu nane za njano na moja ya buluu, ukande, utazame. Kwa chungwa, sehemu nane za njano na moja ya majenta. Kwa nyekundu, karibu nusu kwa nusu. Zambarau ya majenta na buluu hutoka nzito mno hata ikadhaniwa nyeusi. Itie kipande cha nyeupe ndipo uone umepata nini. Chungwa ukiitia chembe ya buluu inakuwa kahawia, na nyekundu ukiitia chembe hiyohiyo inakuwa damu ya mzee. Samawati ya anga la asubuhi ni nyeupe tupu yenye punje ya buluu isiyozidi ya mtama. Chapa hutofautiana, kwa hiyo vichukue viwango hivi kama mahali pa kuanzia.

Sehemu hazipimwi kwa jicho. Usukume udongo ubapa kwa mpini wa kusukumia chapati au kwa mashine ya tambi, ukiweka vijiti viwili vya unene sawa pembeni ili kila bapa litoke sawa, kisha ukate miduara kwa kifuniko cha kalamu au kikata biskuti kidogo. Mduara mzima ni sehemu moja, nusu yake ni nusu, robo ni robo. Mashine au mpini uliotumika kwa udongo huu usirudi tena jikoni kwa chakula.

Andika kila mchanganyiko unaokupendeza. Kata kipande chake chembamba, kitoboe, kioke, kitundike kwenye waya pamoja na kikaratasi chenye kiwango. Wasanii Lindly Haunani na Maggie Maggio, ambao kitabu chao cha mwaka 2009 kuhusu rangi za udongo huu ndicho ninachokipendekeza kwa anayesoma Kiingereza, wamejenga somo lao lote juu ya mazoea hayo: kila fundi awe na mkusanyiko wake wa rangi alizozichanganya mwenyewe. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Kidani kilichotengenezwa kwa rangi za pakiti kinaweza kurudufiwa na yeyote mwenye pakiti zilezile. Kidani cha rangi zako ni chako.

Tena, rangi zilizozaliwa na wazazi walewale watatu huwa na undugu. Kijani chako kina njano ileile iliyomo katika chungwa lako, na zambarau yako ina majenta iliyomo katika nyekundu yako. Zikikaa kwenye uzi mmoja hazigombani. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kununua chache, kuliko hata ile ya kuokoa fedha.

Na sasa ile nyeupe. Karibu kila rangi ya kuvutia ina nyeupe ndani yake: waridi, samawati, maziwa, marijani, kijani mpera, rangi ya mchanga. Kwa pakiti ya gramu 57 utapata shanga 30 na ushei za duara zenye kipenyo cha milimita 12, yaani takriban kidani kimoja kifupi. Ukifanya kidani cha samawati, karibu pakiti nzima iliyotumika ni nyeupe, na buluu imeguswa tu. Ndiyo sababu ya kununua mbili. Ile isiyo na rangi hufanya kazi tofauti: huipunguza rangi nguvu bila kuipaukisha. Chembe ya chungwa katika nyeupe inakuwa rangi ya pichi, nzito kama chokaa; chembe ileile katika udongo unaopitisha mwanga inakuwa kaharabu, na jua likipita nyuma yake ushanga unawaka kwa ndani.

Mwanga na kiza

Nimefika kwenye jambo ambalo ningependa msomaji alishike hata akisahau mengine yote. Mchoraji na mwalimu wa Marekani, Albert Munsell, alichapisha mwaka 1905 utaratibu wa kueleza rangi kwa mambo matatu: ni rangi gani, ina mwanga au kiza kiasi gani, na imekoza kiasi gani. Anayeanza hujishughulisha na la kwanza tu. Anauliza kama nyekundu na kijani zinapendana. Swali linaloamua kama kidani kitaonekana ni la pili.

Ushanga ni kitu kidogo. Mtu aliyekaa upande wa pili wa meza haoni ushanga mmoja mmoja. Anaona ukanda shingoni. Ikiwa nyekundu yako na kijani chako vina kiza sawa, kwa umbali huo vinayeyuka na kuwa hudhurungi moja. Ikiwa moja ina mwanga na nyingine ina kiza, mpangilio unasomeka kutoka mlangoni. Tazama kola pana za Wamaasai. Nyekundu na buluu ya kuiva zote ni rangi zenye kiza. Zikigusana moja kwa moja, hufifishana. Nyeupe na chungwa zinapopita kati yake, kila safu inapata mpaka wake, na kola inaonekana hata ng'ambo ya boma. Wanawake waliopanga shanga hizo wanaijua kazi hii vizuri kuliko vitabu vingi.

Kuna njia rahisi ya kupima. Zipange shanga zako ambazo hazijaokwa juu ya karatasi kwa mpangilio unaotaka, uzipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama umeona kijivu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, mpangilio huo haujafika. Chukua rangi moja uitie nyeupe, au nyingine uitie chembe ya nyeusi, mpaka picha ionyeshe hatua tatu zinazoachana waziwazi. Kwa kawaida haihitajiki rangi mpya hata moja.

Rangi hubadilishwa pia na jirani yake. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins jijini Paris, na miongoni mwa malalamiko aliyoyakuta ni kwamba nyuzi nyeusi hazikolei vya kutosha. Alizichunguza akaona hazina kasoro. Zilionekana zimepauka kwa sababu zilifumwa kando ya buluu na zambarau. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1839, na hadi leo ndiyo yanayotueleza kwa nini ushanga wa rangi ya mchanga unaonekana wa kijani kidogo ukikaa kati ya nyekundu mbili, na kwa nini chungwa na buluu zikigusana zinatetemeka machoni. Kama mtetemeko huo ndio unaoutaka, ziache zigusane. Kama unataka kila moja itulie, weka kati yake ushanga mdogo mweusi, mweupe au wa kijivu. Kwa hiyo usiiamulie rangi ikiwa donge peke yake kiganjani. Iamulie ikiwa kati ya jirani zake.

Kuhusu idadi ya rangi katika kidani kimoja, mwalimu mzuri yuko kabatini mwako. Chukua khanga unayoipenda, uihesabu. Nyingi zina rangi tatu au nne, wakati mwingine mbili tu, na bado zinajaa nyumba. Angalia jinsi rangi zilivyogawana eneo: moja imetawala mji, ya pili imechukua pindo, ya tatu imenyunyizwa tu katika maua au nukta. Ugawaji huo uhamishie kwenye uzi. Katika kila shanga kumi, sita ziwe za rangi kuu, tatu za pili, moja ya tatu, na hiyo moja ndiyo iwe kali kuliko zote. Anayeanza hupenda kugawa sawa kwa sawa, rangi tano, kila moja shanga sita. Jicho linazunguka katika kidani cha namna hiyo bila kupata pa kutua.

Shingo na nguo

Pambo huvaliwa mwilini, na mwili nao una rangi. Karatasi nyeupe ya mezani inadanganya: juu yake kahawia na damu ya mzee zinapendeza sana, lakini juu ya ngozi nyeusi au ya maji ya kunde zinaweza kuzama kabisa, hasa shanga zikiwa ndogo. Nyeupe, maziwa, njano ya limau, marijani na feruzi huruka juu ya ngozi hiyo kwa namna ambayo vitabu vingi vya ufundi huu, vilivyoandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, havisemi. Pima shanga zako juu ya mkono wako mwenyewe, au wa yule utakayemuuzia, kwenye mwanga wa mchana. Taa nyingi za ndani huongeza njano na kuipoteza samawati. Kama unataka kahawia shingoni, na ni rangi ya heshima kwelikweli, itenge na ngozi kwa vishanga vyeupe au vya shaba.

Hatuanzi leo kuwa wachaguzi. Henry Morton Stanley alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akijiandaa kwenda bara, ilimbidi ajifunze kwanza ni shanga za rangi gani zinapokelewa wapi, kwa kuwa shanga zilikuwa fedha ya njiani. Katika kitabu alichochapisha mwaka uliofuata anaeleza kwamba Unyamwezi walitaka nyekundu, kwamba nyeusi zilipita Ugogo na hazikuwa na thamani kwingineko, na kwamba nyeupe zilizoitwa merikani zilipendwa Ufipa na kudharauliwa katika nchi nyingine. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulibeba mzigo mtupu. Anayetengeneza ili auze anaweza kulitumia hilo leo: kabla ya kuoka shanga mia za rangi moja, peleka kumi sokoni.

Marijani, kaharabu, pembe

Pakiti zile saba zina zawadi nyingine kwa msomaji wa pwani, nayo ni kuiga vito vyetu vya zamani. Marijani ni majenta na njano kwa karibu nusu kwa nusu, zikipunguzwa na nyeupe kidogo sana, kisha sehemu ya udongo unaopitisha mwanga ili isionekane kama plastiki ya kikombe. Usikande hadi iwe moja kabisa. Michirizi iliyobaki ndiyo inayoifanya iaminike. Feruzi ni nyeupe na buluu yenye punje ya njano. Inyambue vipande, uvivingirishe katika unga wa udongo mweusi uliokunwa, uvikusanye tena kuwa donge, na mishipa myeusi itajitokeza. Kaharabu nimeshaitaja.

Pembe ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ina maana zaidi ya urembo. Tangu mkataba wa CITES ulipopiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu kwa uamuzi wa mwaka 1989, bangili ya pembe mpya haina njia halali ya kuvuka mipaka kibiashara. Kwa udongo huu unapata sura yake bila kumgusa mnyama. Tengeneza bapa la nyeupe yenye chembe ya njano, na bapa la ile isiyo na rangi. Yapandanishe, uyasukume, ukate katikati na kuyapandanisha tena, mara nyingi, mpaka tabaka ziwe nyembamba kama karatasi. Kata kwa wima, na mistari ileile ya pembe itaonekana ubavuni mwa ushanga.

Oveni na mikono

Nilisema rangi hutoka ovenini karibu ileile. Tofauti ziko mahali pachache na zinafaa kujulikana kabla. Udongo unaopitisha mwanga, ambao ukiwa mbichi huonekana mweupe, huwa wazi zaidi ukiiva, kwa hiyo rangi iliyomo ndani hukolea. Mchanganyiko unaoonekana umekaa sawa mezani utatoka mzito. Utie rangi kidogo kuliko moyo unavyotaka. Nyeupe na isiyo na rangi ndizo za kwanza kugeuka njano joto likizidi. Zifunike kwa karatasi ya alumini iliyonyanyuliwa kama hema, na ununue kipimajoto cha oveni, kwa sababu namba za kwenye kitasa mara nyingi hazilingani na joto lililomo. Jiko la mkaa halifai kwa kazi hii, halidhibitiki. Udongo ukiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi inayowasha macho na koo. Ikitokea, zima, fungua madirisha, toka nje.

Nyekundu, majenta na nyeusi huacha rangi vidoleni, na nyeupe huokota kila kitu: vumbi, nyuzi za nguo, nywele. Mpangilio wa kazi hutatua nusu ya tatizo. Anza na nyeupe, endelea na njano, kisha nyingine kwa kufuata uzito wake, ukimaliza na nyeusi, na kila ukibadili rangi futa mikono kwa vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto au pamba yenye spiriti. Vaa nguo ya pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, ya rangi nyepesi.

Joto la pwani nalo lina neno lake. Dar es Salaam au Mombasa, wakati wa kaskazi, udongo laini hunata vidoleni na michoro ya rangi huchanganyikana. Chagua aina ngumu kama Fimo Professional au Kato, ingawa kuzikanda kunachosha. Udongo uliolainika mno ulaze kati ya karatasi nyeupe za kawaida kwa saa chache, karatasi itanyonya mafuta yaliyozidi. Usiache pakiti ndani ya gari lililoegeshwa juani: huanza kuiva humohumo na kuvunjika kama mkate mkavu.

Kupita pakiti saba

Baadaye utapata mbinu zinazozidisha rangi zako bila kununua. Iliyo bora kwa shanga inaitwa kwa jina la mgunduzi wake Mmarekani, Judith Skinner, na ilienea miaka ya 1990. Unakata bapa la rangi mbili kuwa pembetatu mbili, unaziunganisha ziwe mstatili, unaukunja na kuupitisha kwenye mashine ya tambi tena na tena, siku zote ukikunja upande uleule. Baada ya mara ishirini hivi rangi moja inaingia katika nyingine bila mpaka unaoonekana. Ukikata vipande kwa mpangilio, una kidani kinachotoka njano hadi majenta kikipitia kila chungwa na kila nyekundu iliyoko katikati.

Zipo rangi ambazo huwezi kuzichanganya hata ufanyeje, na hizo ndizo za kununua katika safari ya pili. Dhahabu, fedha na lulu hupata mng'ao wake kutokana na chembe bapa za maika, na hakuna mchanganyiko wa njano na kahawia utakaozileta. Zile za kung'aa sana kama kalamu ya kuwekea alama nazo hazitokani na pakiti saba, ila hufifia upesi kwenye jua, kwa hiyo mimi siziweki katika kazi ya kuuza. Kama fedha inatosha pakiti moja tu, nunua lulu. Itumie badala ya nyeupe katika viwango vyote ulivyokwisha kuandika, na kila rangi yako ya zamani itakuwa na ndugu yake yenye mng'ao, inayotembea na mwanga pale mvaaji anapogeuza shingo.